Saa ya Ukutani Iko Kanduyi

Kibomet, Kitale, jioni ya kuamkia safari yako

Risper mwanangu,

Salamu nimeziruka. Bado tunakaa nyumba moja, na uzima wako nimeuona asubuhi ukimaliza chai yangu. Naandika ukiwa Matisi unasukwa nywele. Mama yako anasema mtindo uliouchagua utakula masaa matano. Nikashukuru, maana kwa mwendo wangu wa kalamu masaa matano yananitosha kwa shida. Ukiona mwandiko unapanda mlima na kushuka, kumbuka niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita mwalimu alinipitisha kwa sababu nilikuwa nimekuwa mrefu kumshinda.

Barua nitaitia kwa mfuko wa mbele wa begi lako. Utaisoma ndani ya basi kukipambazuka, si kabla. Najua wewe. Ukiisoma hapa nyumbani utakuja kunikalia kitandani na maswali, na mimi sitaki kujibu maswali, nataka kusema.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutofungulia mtu usiyemjua, hayo mama yako amekwambia mara nne tangu Jumapili, na ya tano atakwambia mlangoni. Mimi huko sina neno. Mimi nina neno juu ya saa.

Umeniuliza mara mbili saa yetu ya ukutani ilienda wapi. Ile ya maandishi ya dhahabu, niliyopewa mgodini nikistaafu, imeandikwa "Dereva Salama". Mara ya kwanza nikasema iko kwa fundi. Mara ya pili nikasema fundi amesafiri. Mama yako alinitazama vile anatazama maziwa yanayotaka kufurika. Hakuna fundi, Risper. Saa iko Kanduyi, kwa mwanamke.

Sasa umekaa wima. Vizuri, kaa hivyo hivyo, lakini ondoa hiyo sura. Mwanamke mwenyewe ni wa rika la dada yako mkubwa kama ungekuwa na dada, na mama yako anajua kila kitu. Kelele yangu nilishapigiwa.

Inaanza na ule mchezo wa mwiko. Wiki mbili zilizopita ulirudi kutoka mafunzo ya kuchunga madereva wa mgodi na daftari limejaa, ukataka kufanya mazoezi ya kazi. Ukanikalisha nje kwa kiti cha plastiki, ukanipa sinia nishike kama usukani wa dampa, lile lori la mawe. Mama yako tulimwomba awe mawe, akakataa. Wewe ukasimama kwa dirisha la jikoni na mwiko mdomoni, ati ndio redio.

"Dampa saba, hapa ni chumba cha skrini. Kamera imeona macho yako yamefunga. Uko sawa?"

"Niko sawa, binti yangu," nikajibu na ile sauti yangu ya mgodini.

"Dampa saba, naomba usimame mahali salama upumzike."

"Ati nisimame? Binti, mimi nimeendesha hizi gari kabla baba yako hajajua kunyoa ndevu. Hiyo ni vumbi tu imeingia kwa jicho. Niachie safari mbili nimalize shifti. Na nikisikia vile unaongea, naona ulilelewa vizuri."

Ukacheka. Ukasema, "Sawa, mzee. Lakini uwe mwangalifu."

Ukashusha mwiko, ukaniuliza kama umefanya vizuri. Nikasema vizuri sana. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na choo kama mtu aliyesahau amekuja kufanya nini. Hayo maneno yako nilikuwa nimeshayasikia. Niliyasikia kwa redio ya kweli, nikiwa ndani ya dampa ya kweli, na yaliyofuata sikuwahi kukueleza wewe wala ndugu zako.

Mgodi wangu unaujua vile ninavyowasimulia wageni. Miaka tisa kule kusini, gurudumu moja linazidi urefu wa mlango wetu, natoa mawe shimoni napeleka kwa mashine ya kusaga. Kamera zililetwa miaka yangu ya mwisho. Kitu kidogo kama kiberiti, kimekukalia mbele, kazi yake ni kukutazama macho tu. Ukifumba zaidi ya vile mtu hupepesa, kiti kinakutetemesha makalio, na kule kwa chumba cha skrini kengele inalia na picha yako inatokea, mdomo wazi, udevu umelowa. Huko ndiko anakokaa mtu kama wewe. Yeye ndiye anaamua kama huyu mzee alikuwa anapiga chafya ama alikuwa amelala. Akiwa amelala, anasimamishwa. Sasa watu watakwambia kazi inafanywa na mashine. Mashine inaona kope. Wewe ndiye unaona mtu.

Sisi madereva tuliichukia hiyo kamera kama mama mkwe aliyekuja kutembea na godoro lake. Na nakwambia bila haya, profesa wa kuidanganya nilikuwa mimi. Nilianza na miwani nyeusi, ikaniona ndani ya miwani. Nikaibandika kamera karatasi ya mandazi, wakipiga redio nasema ni vumbi. Nilinusa kitunguu. Nilitafuna karanga na maganda yake. Nilijipaka pilipili chini ya kope, na usijaribu kuuliza iliniuma wapi baada ya kwenda msalani. Siku moja nilipaka dawa ya meno chini ya macho yote mawili, nikalia shifti nzima. Jamaa walidhani nimefiwa. Mmoja akaanza kuzungusha kofia ya mchango, na mimi sikumzuia haraka vile ningepaswa.

Zote hizo zinafungua kope, basi. Hakuna hata moja inayomwamsha mwenyewe. Unaweza kuwa umekodoa macho kama sahani na wewe mwenyewe umeshaondoka. Nimewahi kumaliza safari nzima, nimemwaga mawe, nimerudi, na sikumbuki hata kona moja.

Halafu kulikuwa na karatasi ya mlangoni. Kila ukiingia shifti unajaza umelala masaa mangapi. Sisi sote tuliandika manane. Wengine waliandika manane ya wiki nzima siku ya Jumatatu. Ungeamini zile karatasi ungedhani mgodi wetu ni wodi ya watoto wachanga.

Kwa chumba cha skrini alikaa msichana wa huku kwetu, wa Kanduyi, anaitwa Nasimiyu. Siku ya kwanza aliposikia jina langu kwa redio aliniuliza mama yangu alitoka ukoo gani. Nikamtajia. Akacheka, kwa sababu ni ukoo wake. Na wewe unajua hesabu ya kwetu: msichana wa ukoo wa mama yangu ni mama yangu, hata kama mimi nina mvi na yeye bado anakua. Tangu siku hiyo nikamwita Mayi. Yeye akaniita mwanangu. Redio nzima ilikuwa inatungojea sisi wawili. "Mwanangu, macho." "Mayi, yako wazi, yanakutafuta." Madereva wa makabila mengine walisema Wabukusu wote ni wagonjwa.

Ilikuwa utani mzuri na ulinifurahisha. Lakini nikikumbuka vizuri, kila siku ya utani ilikuwa inamfanya Nasimiyu ashindwe zaidi kunikataza kitu. Mtu hawezi kukuita mwanangu asubuhi na akuandikie ripoti mchana. Hilo nililijua. Sitakudanganya ati sikulijua.

Ukafika Agosti wa kutahiri. Mtoto wa ndugu yangu kule Bungoma alikuwa anaingia jandoni, na mimi kama baba yake mkubwa ningekosaje? Nilikuwa na siku mbili za mapumziko. Nikapanda basi la usiku, nikafika, nikacheza mpaka magoti yakaniuliza mimi ni nani. Alfajiri tukampeleka mtoni kupakwa matope, mimi nikiwa mbele kabisa, nimevua shati. Akasimama mbele ya kisu. Nikala, nikanywa kilichokuwa kwa chungu, nikapanda basi la kurudi. Nilishukia getini, nikavaa sare, nikajaza karatasi. Manane. Baadaye nilihesabu, katika siku tatu nilikuwa nimelala masaa matatu, na hayo yote kichwa kikigonga dirisha la basi.

Asubuhi nilikwenda vizuri. Watu hudhani usingizi unangoja giza. Ulinikuta saa nane mchana, jua kali, ugali na maharagwe vimekaa vizuri tumboni. Kiti kikanitetemesha.

"Dampa kumi na saba. Mwanangu, umelala."

"Nimepiga chafya, Mayi."

"Chafya ya sekunde tatu?"

"Za kwetu ni ndefu."

Nikamsikia akicheka. Sikuona kidole chake, lakini alibonyeza pale pa kusema dereva yuko sawa. Nikaenda, nikamwaga mawe, nikarudi. Kiti kikatetemeka tena.

"Mwanangu, hii ni ya pili. Niambie ukweli. Jana ulilala masaa mangapi?"

Hapo, Risper. Ukitaka kujua baba yako alipotea wapi, ni hapo. Aliniuliza kwa upole na alinipa nafasi. Ningesema nimechoka, angenisimamisha, ningelala kwa kivuli cha gurudumu na jioni tungeendelea kutaniana. Badala yake nikasema:

"Mayi, wewe ndiye wa kuniuliza hivyo? Si unajua huu ni mwezi gani? Ulitaka mtoto wetu aende mtoni peke yake?"

Mtu wa kwingine angesikia kisingizio. Yeye alisikia nyumbani.

"Alisimama?" akauliza.

"Kama nguzo ya stima. Hakupepesa jicho."

"Sawa, mwanangu. Lakini uwe mwangalifu."

Akabonyeza mara ya pili.

Sikuona nilivyoacha barabara. Niliamshwa na sauti ya mkebe ukikanyagwa, lakini mkebe mkubwa. Kando ya barabara, chini ya mlingoti wa taa, kulikuwa kumeegeshwa pikapu ya Juma, fundi wa umeme wa pale mgodini. Nilishuka ile ngazi ya dampa. Pikapu ilikuwa imelala kama chapati. Nikaanza kuita, "Juma! Juma!" na huku nimegeuza uso nisije nikaona.

Juma akatokea nyuma ya rundo la mchanga, zipu wazi. Alikuwa ameenda kukojoa. Akaitazama pikapu, akanitazama mimi.

"Mzee," akasema, "chakula changu kilikuwa humo ndani."

Halafu akakaa chini akatapika. Mimi nikakaa kando yake.

Wakaita kikao. Watu watatu nyuma ya meza, mimi upande huu, Nasimiyu upande ule. Redio ya siku hizo haikuhifadhi maneno, lakini kompyuta ilihifadhi vidole. Ilionyesha kengele mbili, na zote mbili amezizima yeye. Alipoulizwa kwa nini, alisema alifanya makosa. Hakunitaja. Akanitazama tu. Alikuwa anangoja mwanawe aseme.

Yule wa katikati akaniuliza, "Mzee, wewe ulimwomba azime hizo kengele?"

Nikasema, "Mimi sijui mambo ya kompyuta. Nimesoma darasa la sita tu."

Wakaandika. Unajua vile huwa nachekesha watu na hilo darasa la sita. Siku hiyo nililifanya shimo nikaingia ndani. Nasimiyu alifukuzwa kabla ya jua kutua. Mimi nilipewa barua ya onyo na nikaambiwa nipumzike wiki mbili. Nikarudi kazini, nikaendesha miaka miwili mingine bila kugusa hata jiwe, wakanipigia makofi na kunipa saa. Nikaitundika pale mbele, ambapo kila mgeni lazima aisome.

Nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili yenu, muende shule. Nataka uondoe huo mzigo kichwani kabla haujakaa. Haikuwa kwa ajili yenu. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya watu watatu wenye kalamu, basi nikauchagua ujinga mimi mwenyewe.

Sasa ngoja nikupe kile ambacho hakiko kwa daftari lako, maana waliokufundisha hawajawahi kulala wakiendesha. Mimi nimelala.

Dereva aliyeishiwa hasemi nimechoka. Anasema "niko sawa", tena anasema kabla hujamaliza kuuliza. Mtu mzima akiulizwa kama yuko sawa hufikiri kidogo, anajigusa, anasema mgongo unauma au njaa iko. Anayelala ana jibu tayari mdomoni, kwa sababu hilo jibu ndilo kitu pekee kilichobaki macho ndani yake. Sikiliza pia mcheshi. Aliyekuwa kimya asubuhi na saa nane amekuwa mchekeshaji wa redio, huyo anapigana. Na aliyekuwa mchekeshaji akinyamaza, mwenzangu, usingoje kengele.

Watakuita binti. Watakuita mama, shemeji, watatafuta ukoo wako mpaka waupate, na wasipoupata watautengeneza. Cheka nao. Kicheko si dhambi, na kazi ya kukaa kwa skrini bila kicheko itakuua kabla ya hao madereva. Lakini mwambie hivi: "Ndio baba, nimekusikia, sasa simama hapo kulia." Umwite baba na umsimamishe kwa pumzi hiyo hiyo. Tulikufundisha kupokea mizigo ya wazee na kuwaachia viti, na ulijifunza vizuri kuliko ndugu zako. Hatukukufundisha kumwambia mzee hapana. Hilo ni kosa letu, mimi na mama yako, na umebakiwa na safari ya basi kulirekebisha. Heshima ya kwanza kwa mzee ni kumrudisha nyumbani na miguu yake.

Usimsimamishe kama mwizi, lakini. Sisi tulidanganya kwa sababu ukisema umechoka unaandikwa, na ukiandikwa unaonekana umezeeka. Akitokea mmoja akapiga redio mwenyewe, akasema "Binti, mimi nasimama," mshukuru, na umshukuru wengine wakisikia. Siku madereva watakapoona kwamba aliyesema ukweli hakuchekwa, karatasi za manane zitaanza kupungua. Siku hiyo utakuwa umefanya kazi kuliko kamera.

Supavaisa naye atakuja. Ataona dampa imesimama na mashine ya kusaga inangoja mawe, atasimama nyuma ya kiti chako na kukohoa. Hatasema uiachie. Atakohoa tu. Hicho kikohozi kiandike kwenye kitabu, na jina lake, na saa aliyokohoa. Mimi nilikataa kusema ukweli kwa mdomo. Wewe uandike, una mwandiko mzuri.

Na wewe mwenyewe, ni nani anakutazama macho? Hilo niliwahi kumuuliza Nasimiyu kwa mzaha na akasema hakuna. Masaa kumi na mawili kwa kiti, skrini nane. Ukijiona unasoma picha moja mara mbili, inuka, mwambie mwenzako ashike, nenda ukanawe. Usiwe mlinzi wa usingizi anayekoroma.

Sasa turudi Kanduyi. Baada ya mchezo wa mwiko sikupata usingizi mzuri. Siku ya tatu nikafunga kuku kwa pikipiki, nikaitoa saa ukutani nikaitia kwa gunia, nikashika barabara ya Bungoma. Sijui saa niliibeba ya nini. Labda niliona kuku peke yake ni mdogo. Ni kweli alikuwa mdogo, mama yako ameshanieleza.

Nilimpata bila shida. Anashona sare za shule, ana cherehani mbili na kibao cha rangi nje, si mbali na stendi ya mabasi. Nilikuwa nimetunga hotuba toka Kibomet, nzuri sana, ingewaliza hata askari. Nikasimama mlangoni na yote ikaruka.

"Karibu, mwanangu," akasema. Hakuinua mguu kwa cherehani. Miaka minane, na aliniita hivyo kama jana.

"Mayi, nimekuja kusema ile kitu sikusema."

"Sema."

"Mimi ndiye nilikuomba uzime. Mara zote mbili. Na mtu wa darasa la sita anajua vizuri sana ameomba nini."

Akakata uzi kwa meno. "Hiyo nilijua. Nilikuwa nataka kujua kama iko siku utaitoa."

"Naomba unisamehe."

"Msamaha utakaa hapo kwanza. Jana ulilala masaa mangapi?"

Mwanangu, mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema manane. Mdomo una mazoea yake. Nikaufunga. Nikafikiri, nikahesabu.

"Matatu," nikasema.

"Na umekuja na pikipiki?"

"Ndio."

"Kutoka Kitale?"

"Ndio, Mayi."

"Lete ufunguo."

Nikampa. Akaonyesha benchi lililojaa masweta ya shule, akasema nisukume yale upande nilale. Nikamwambia wateja watanikuta nikikoroma. Akasema, "Wakukute. Wengine tulishakusikia." Nikalala pale kama mtoto, miguu ikining'inia, mama mmoja akipimiwa sketi ya binti yake juu ya kichwa changu. Nasimiyu aliitoa saa kwa gunia akaiegemeza kwa cherehani, akanihesabia. Alipotosheka, akapiga benchi teke.

"Masaa mawili na dakika kumi. Sasa unaweza kurudi."

Ndipo akasoma maandishi ya dhahabu. Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha sare. Mimi sikujua kama nicheke.

"Hii inabaki hapa," akasema. "Wakikuuliza nyumbani iko wapi, uwaambie. Wote, mmoja mmoja. Ukimaliza, uje uichukue."

Mama yako nilimwambia jioni ile. Siku mbili hakunisemesha, halafu siku ya tatu akaniuliza mambo ya ukubwa wa kuku. Ndugu zako niliwapigia simu. Ulikuwa umebaki wewe, na nilikuacha mwisho kwa sababu wewe ndiye ulikuwa ukiwasomea wageni yale maandishi, tangu ukiwa bado shuleni, kidole juu ya kioo.

Saa sitaiendea. Nimemwambia Nasimiyu aitundike pale juu ya cherehani, na akiulizwa ni ya nani, aseme ni ya mtoto wake mmoja aliyelala darasani akaamka amechelewa.

Iko siku utakaa kwa hiyo skrini yako, kengele italia, na utamwona mzee mmoja, mvi, kofia upande, kope nzito. Utampigia redio na atakuwa mcheshi sana. Atakusifu sauti, atakusifu malezi. Atakwambia yeye na baba yako ni kitu kimoja. Mwamini hapo. Ni mimi. Nisimamishe.

Ukisoma kwa kasi yako, umebakisha kidogo kufika Kanduyi. Basi litasimama kuchukua watu. Tazama dirisha la kushoto. Kuna mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, nimempigia simu, atakuwa amesimama hapo na mandazi yako kwa karatasi. Hatakuuliza habari za safari. Atakuuliza ulilala masaa mangapi. Usimjibu haraka.

Ni mimi baba yako,
Makokha, dampa kumi na saba